Sura ya Sita: Mbwa Asiyesikia Lango

Ukitoka Mtwapa kwenda Malindi, ukaacha lami na kufuata vichochoro vinavyoteremka baharini, kibao utakachokutana nacho kuliko vingine vyote ni cha maneno mawili: Mbwa Kali. Kimepakwa rangi kwenye mageti ya mabati ya Kilifi mjini, kimetundikwa kwenye kuta za mawe ya matumbawe za Watamu, na kiko kwenye nyumba za msimu za Casuarina, ambazo wenyewe huja Disemba na kuondoka kabla ya masika. Kibao hicho kinaeleza mkataba wa kazi. Mbwa wa pwani analishwa kwa sababu anasikia. Anasikia mguu wa mtu nje ya ukuta wakati watu wote wamelala, anabweka, bawabu anaamka na kumulika kurunzi. Meno yake hayana kazi kubwa katika mpango huo. Mwizi anayekimbia amekimbia kelele.

Mbwa huyo akizeeka, sikio linaanza kumtoka. Bawabu ndiye wa kwanza kuona: gari linapigiwa honi langoni na mbwa amelala katikati ya njia, hainui hata kichwa. Nyumbani watasema amekuwa mvivu. Wengine watasema amekuwa jeuri, anaitwa na haji. Miezi ikipita huletwa mtoto wa mbwa mwenye masikio mapya, na kwa kuwa sufuria ya sima ni moja, mzee hujikuta anakula kinachobaki, kisha anakula jalalani, kisha hayupo tena langoni. Hakuna aliyemfukuza kwa fimbo. Kazi imekwisha, na posho imekwisha nayo.

Nimeishi na mbwa wa namna hiyo, na ninachotaka kusema katika sura hii ni kwamba alichopoteza ni ajira. Pua yake ipo, akili yake ipo, hamu yake ya kukaa karibu na watu ipo yote. Anayemchukua mbwa mzee kiziwi akidhani amebeba mzigo wa uziwi atashangaa, kwa maana uziwi ndio sehemu nyepesi. Sehemu nzito ni uzee, na kwa hapa kwetu, kupe.

Wangu alitoka katika nyumba iliyobadilisha mwenyewe. Mwenye mpya alikuja na mbwa wake, na huyu mzee akawa analala nje ya ukuta ule ule aliokuwa akiulinda. Ni mbwa koko kama walivyo wengi wetu huku: rangi ya kahawia, manyoya mafupi, mkia umejikunja juu, mdomo umeota mvi. Nilipokuwa nikimwongoza kwa kamba kuelekea nyumbani, mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi zake kando ya njia alinisimamisha.

“Mwanangu, huyo mbwa simjui mimi? Huyo hasikii.”

“Ndiyo babu, hasikii.”

“Basi mfunge kengele ya mbuzi. Yeye hakusikii wewe, lakini wewe utamsikia yeye.”

Hadi leo sijapata ushauri bora kuliko huo kutoka kwa mtu yeyote. Mbwa kiziwi akijipenyeza vichakani haiti wala haitiki. Kengele ndogo kwenye ukosi inakuambia yuko wapi, anakwenda mbio au taratibu, amesimama au anajikuna. Inauzwa kwa bei ndogo kwenye maduka ya vifaa vya mifugo.

Kabla ya kengele, lakini, lipo swali la kama kweli ni kiziwi na kwa nini. Ndani kabisa ya sikio kuna mfereji uliojisokota kama gamba la konokono, na humo zimo seli zenye vinywele vidogo vinavyogeuza mtikisiko wa hewa kuwa ujumbe wa neva. Kwa mbwa kama kwa mtu, seli hizo zikifa hazioti tena. Mbwa mwenye sikio zima husikia sauti nyembamba hadi kama hezi 45,000, wakati mtu huishia kwenye 20,000. Uzee unapoingia, sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea, na nzito hubaki nyuma kwa muda. Hapo ndipo watu wanapomdhania ubaya. Ukipiga mluzi hageuki, lori likinguruma anageuka, na wewe unaapa kwamba anajifanya. Hajifanyi. Mluzi umeshatoka katika dunia yake, lori bado limo.

Wapo pia wanaozaliwa viziwi, na mara nyingi wana weupe mwingi kichwani. Seli zinazotia rangi kwenye ngozi na manyoya zinahitajika pia ndani ya sikio, na zikikosekana, seli za kusikia hufa mbwa akiwa na umri wa wiki chache tu. Mfano unaojulikana sana ni wa Dalmatian, wale mbwa weupe wenye madoa meusi. Huko Marekani, vipimo vilivyofanywa kwa miaka mingi na George Strain wa Louisiana State University vilionyesha kwamba karibu asilimia 30 yao hawasikii kwa sikio moja au yote mawili.

Lakini uziwi unaotuhusu zaidi pwani ni ule ambao huenda si uziwi. Hewa yetu ina unyevu, mbwa wanaogelea, na mfereji wa sikio la mbwa unateremka kisha unakata kona, kwa hiyo maji na uchafu vikiingia havitoki kwa urahisi. Fangasi na bakteria hustawi humo. Sikio linatoa harufu, linatoa uchafu wa kahawia, mbwa anatikisa kichwa au anakisugua ukutani. Mbwa wa hivyo anaweza kusikia tena, japo kiasi, akisafishwa na kutibiwa ipasavyo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo achungulie ndani kwa taa yake, naye ataona kama ngoma ya sikio imetoboka. Nasisitiza kuchungulia kwa sababu watu hukimbilia kununua dawa ya matone dukani na kuimimina humo bila kuangaliwa. Zipo dawa, gentamaisini ni mojawapo, ambazo zikipita kwenye ngoma iliyotoboka zinaweza kuziua hizo hizo seli za kusikia, na kumfanya kiziwi kabisa mbwa aliyekuwa na ugonjwa wa kutibika.

Kumpima nyumbani si kazi ngumu, ila watu hukosea kwa sababu mbwa ana hisia nyingine za kukujua. Akilala, simama nyuma yake juu ya mchanga, maana sakafu ya mbao inatikisika na kumwambia uko wapi. Upepo usitoke kwako kwenda kwake. Kivuli chako kisimpitie. Kisha tikisa funguo, gonga sufuria, ita kwa sauti nzito, uone sikio kama litacheza. Rudia siku nyingine na saa nyingine, kwa kuwa mbwa mzee hulala usingizi mzito hata kama anasikia.

Huwezi kuzungumzia mbwa katika mwambao huu bila kuzungumzia twahara, na sipendi waandishi wanaolipita jambo hili kama kwamba ni ushamba. Waislamu wengi wa pwani yetu wanafuata madhehebu ya Shafi, ambayo yanahesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wafuasi wa Maliki, walio wengi Afrika ya Kaskazini na Magharibi, wanamwona mbwa mwenyewe kuwa twahara. Tofauti hiyo ni ya kifikihi, na anayeifuata kwa dhati anastahili jirani anayemsaidia kuifuata. Wala haina maana ya kumchukia mnyama. Suratul Maida inaruhusu kula windo lililokamatwa na mbwa waliofunzwa. Suratul Kahf inamtaja mbwa aliyenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini mwa pango walimolala vijana wa imani. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, mtu aliyekuta mbwa anaramba udongo kwa kiu aliteremka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Ibn al-Marzuban, aliyefariki Baghdad mwaka 921, alitunga kitabu kizima kuhusu ubora wa mbwa juu ya wengi miongoni mwa wanaovaa nguo.

Kwa mwenye mbwa kiziwi, yote haya yana matokeo ya kila siku. Mbwa anayesikia unaweza kumwita arudi. Huyu, akimwona mtu amevaa kanzu nyeupe anaelekea msikitini siku ya Ijumaa na akaamua kumsalimia kwa pua iliyolowa, hutakuwa na la kufanya, na mtu huyo itabidi arudi nyumbani akajitwaharishe. Kwa hiyo nje ya lango, kamba daima. Kamba hiyo hiyo ndiyo inayomlinda na tuktuk na bodaboda, ambazo kwenye njia za mchanga za Malindi huja kutoka nyuma bila onyo analoweza kulipata. Sijaona mbwa kiziwi aliyefunguliwa barabarani akadumu. Na ufukweni usiku kamba ina sababu nyingine tena. Kasa wanapanda kutaga kwenye fukwe za Watamu, ambako tangu 1997 kundi lililoanza kwa jina la Watamu Turtle Watch, leo Local Ocean Conservation, limekuwa likilinda viota. Mbwa mwenye pua nzima hufukua mayai kabla hujajua amepata nini.

Sasa tuje kwenye ishara, ambako ndiko kazi yenyewe iliko, na ambako furaha ilinijia bila kuitarajia.

Mwaka 2002 Brian Hare na wenzake walichapisha katika jarida la Science majaribio ambamo chakula kilifichwa chini ya chombo kimojawapo, na mtu akaonyesha kwa kidole au kwa macho kipo wapi. Mbwa waliifuata ishara ya mtu vizuri kuliko sokwe, jamaa zetu wa karibu. Maelfu ya miaka ya kuishi kando ya moto wetu imewafanya mbwa kuwa wasomaji wa mikono na nyuso. Mwenye mbwa anapopaza sauti “kaa!” huku mkono umenyooka, mara nyingi mkono ndio unaotiiwa. Mbwa mzee amekuwa akisoma mwili wa mtu maisha yake yote. Unapoanza kumfundisha kwa mikono unamkuta ameshafika nusu ya safari, anakungojea wewe.

Cha kwanza cha kumfundisha, hata kabla ya ishara yoyote, ni kukutazama. Weka vipande vya dagaa mfukoni. Kila anapogeuza kichwa kukuangalia kwa hiari yake, dole gumba juu, kisha dagaa. Usimguse, usimwite, ngoja tu ageuke. Baada ya muda utaona anatembea mbele yako na kila hatua kadhaa anatupa jicho nyuma, na hilo jicho ndilo litakalochukua nafasi ya jina lake. Mbwa asiyekutazama hana ishara itakayomfaa, hata ukimfundisha mia moja.

Ishara zenyewe ziwe chache na ziwe kubwa. Dole gumba juu, vizuri. Kiganja kikielekea chini na vidole vikivuta hewa, jinsi tunavyoitana sisi wenyewe huku, njoo. Kiganja wima mbele yake, ngoja. Mkono kuteremka taratibu, lala. Vidole mdomoni, chakula. Mikono miwili wazi, imekwisha, usiendelee kuniangalia kwa tamaa. Alfajiri na magharibi, wakati mkono hauonekani kwa mbali, kurunzi ikiwaka na kuzimika mara mbili kuelekea ardhini karibu naye inatosha kumaanisha rudi. Asimulikwe machoni, na asichezewe kwa vile vitaa vya nukta nyekundu. Mbwa wengine hunaswa na kuifukuza nuru hadi wakose raha.

Ugumu hautoki kwa mbwa. Unatoka kwa watu wa nyumba. Baba anaita kwa kiganja chini, mtoto kwa kupiga mapaja, dada wa kazi kwa kutikisa kitambaa, bawabu kwa kumrushia kijiti, kisha wote wanakubaliana kwamba mbwa mzee hafundishiki. Nilichora mikono ile kwenye karatasi nikaibandika jikoni juu ya jiko, na watoto wa majirani ndio walioishika upesi kuliko mtu mzima yeyote. Endelea pia kusema maneno kwa mdomo huku ukitoa ishara. Hayasikii, lakini uso wa mtu anayesema una uchangamfu ambao uso ulionyamaza hauna, naye anausoma.

Ishara za mbwa si lugha, na nataka hilo lieleweke. Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha kamili yenye sarufi yake. Katiba ya 2010 imeiagiza serikali kuiendeleza, na imeifanya moja ya lugha tatu rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Kilifi ina shule ya viziwi ya Kibarani, na watoto wanaosoma humo hawana haja ya kulinganishwa na mnyama wa mtu. Lakini kama katika familia yako yumo mtu asiyesikia, mwachie yeye achague ishara za mbwa. Mikono yake ni safi na thabiti kuliko yako, na mbwa ataonyesha tofauti hiyo mapema.

Lipo jambo moja la hatari, na ni la usingizi. Mbwa kiziwi hana onyo. Mkono ukimshukia ghafla akiwa amelala anaweza kurusha meno kabla hajafumbua macho, hata akiwa mpole kuliko wote. Tulimfundisha kuamka hivi: unakaribia kutoka mbele, unaweka mkono karibu na pua yake na kungoja harufu yako imfikie, au unakanyaga ardhi hatua moja nzito. Asipoamka, unagusa bega, bega lile lile kila mara, na mara tu anapofumbua macho anapata dagaa. Baada ya wiki kadhaa, kuguswa bega kunakuwa habari njema. Watoto wadogo lakini wasiachiwe kazi hiyo, na mahali pake pa kulala pawe pembeni, mgongo ukutani, si mlangoni ambapo kila mtu anamruka.

Nasema hili kwa uzito kwa sababu meno ya mbwa katika nchi yetu yanaweza kuwa na kichaa. Ugonjwa huo huua takriban watu 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wameupata kwa mbwa. Kenya ina mpango wa kitaifa wa 2014 hadi 2030 wa kuumaliza kwa binadamu, na nguzo yake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa kila eneo. Mbwa uliyemtoa nje ya ukuta wa mtu hana cheti. Achanjwe siku ya kwanza anayofika kwa daktari, na tena kila mwaka au kama daktari atakavyopanga. Akimuuma mtu hata kwa kushtuka, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mtu aende hospitali siku hiyo hiyo, na mbwa afungiwe na kuangaliwa siku 10. Chanjo yake haiondoi wajibu huo.

Nikirudi kwenye uzee, mwili wa mbwa aliyelala nje unasimulia pwani yote. Kupe wa kahawia huyu wa mbwa hutaga mayai kwa maelfu katika nyufa za ukuta na sakafu, kwa hiyo kumpaka mbwa dawa na kuliacha banda ni kazi bure. Anabeba homa inayoanza kimyakimya: mbwa anaacha chakula, fizi zinapauka, pengine damu inamtoka puani. Ikigunduliwa mapema hutibiwa kwa doksisaiklini, kwa kawaida wiki nne mfululizo, na kosa la watu ni kuacha katikati mbwa akianza kula. Angalia pia nyayo. Funza, ambaye aliletwa Angola na meli iitwayo Thomas Mitchell kutoka Brazil mwaka 1872 na kufika pwani yetu kabla karne haijaisha, bado anasumbua vijiji vya Kilifi, na mbwa humbeba kama watu wambebavyo. Ukiona mbwa mzee anachechemea, geuza mguu kabla hujasema ni uzee.

Ila mara nyingi ni uzee kweli, viungo vimekakamaa. Usimpe dawa zako. Ibuprofeni, ambayo kila nyumba inayo, inaweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake, na paracetamol nayo si salama kwake. Daktari ana dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Kinachosaidia bila dawa ni mwendo mfupi wa kila siku. Maji yakipwa, mchanga uliolowa ni mgumu na wa baridi, haumchoshi. Kuanzia Januari hadi Machi natoka naye alfajiri au jua likizama, maana mchanga mkavu wa saa sita unaunguza nyayo. Chakula chake ni sima laini na dagaa walioroweka hadi chumvi itoke, pamoja na mapafu ya ng'ombe yaliyochemshwa, yanayopatikana buchani kwa bei nafuu. Mifupa iliyopikwa hapana, inachanika vipande vikali, na meno ya mzee hayaiwezi.

Kuna mambo pia anayoyapata kwa kutosikia. Matanga yanapokesha muziki katika vijiji vyetu, mbwa wote wa mtaa wanalia hadi kuche, naye amelala. Huinua kichwa tu pale vishindo vya spika vinapopita ardhini, kisha anakirudisha. Radi za masika hazimtishi. Mbwa waliokuwa wakishindana naye langoni wamemzoea, kwa sababu haitiki uchokozi asiousikia.

Watu wananiuliza kama inafaa kutumia fedha kwa mnyama asiyezalisha kitu. Ni swali la haki katika kaunti ambamo watu wengi wanahesabu kila shilingi, na simlaumu anayeliuliza. Jibu langu lipo Lamu. Mwaka 1987 shirika la The Donkey Sanctuary lilifungua kituo huko cha kutibu punda bure, na watu wa Lamu, ambao si matajiri, wamekubali kwamba mnyama aliyebeba mawe na maji yao ana haki ya kidonda chake kufungwa. Mbwa amebeba usiku wetu. Sheria za Kenya, Sura ya 360, zinahesabu kumtelekeza mnyama katika hali ya kumtesa kuwa ukatili, na shirika la kuzuia ukatili kwa wanyama, KSPCA, lililoanza mwaka 1910, limekuwa likiwapokea mbwa wa aina hii na kuwatafutia watu huko Nairobi. Ni KSPCA hilo hilo lililompa jina la Mkombozi yule mbwa jike wa mtaani ambaye mwaka 2005 alimbeba mtoto mchanga aliyetupwa msituni Nairobi na kumlaza pamoja na watoto wake. Pwani bado tunategemea mtu mmoja mmoja, na ningependa kuona serikali ya kaunti, inapopanga siku za chanjo ya kichaa cha mbwa, iweke pia meza moja ya mbwa wazee wanaotafuta nyumba. Watu wameshakusanyika, madaktari wapo, na mabawabu wanawajua mbwa hao mmoja mmoja.

Linalobaki ni macho. Mbwa akizeeka, mboni hupata ukungu wa buluu, na huo pekee haumzuii kuona sana. Weupe mzito kama wa tui ni mtoto wa jicho, na huo unaweza kumziba kabisa. Kwa kiziwi hiyo ina maana kwamba mikono uliyomfundisha siku moja itapotea nayo, na daraja la kuvukia ni ngozi yake. Anza angali anaona. Kila unapotoa ishara, iambatanishe na mguso wake: njoo, gonga bega mara mbili; lala, kiganja juu ya kiuno; ngoja, mkono umetulia kifuani; chakula, kidole chini ya kidevu. Tandika mkeka wa ukili mbele ya ngazi ili nyayo zijue kwamba kuna kuteremka. Panda mchaichai kwenye kona ambako ukuta unakata, apate harufu kabla ya kugonga kichwa. Waambie wote wa nyumba wasimhamishie bakuli la maji.